Kiganja cha Bondia

Kumwogesha Bondia kuna kazi yake. Kwanza unambembeleza, halafu unamfungua ngumi kidole kimoja kimoja, la sivyo kiganja kinaanza kunuka maziwa yaliyolala. Na ndani hukosi kitu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hutoka nyuzi: nyeupe, za bluu, za sare za shule. Hutoka pia vipande vya nywele, vifupifupi, vyeusi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinipandisha mori.

"Baba Pacha, nikwambie mara ngapi? Ukitoka kazini oga kwanza ndipo ushike watoto. Unaniletea nywele za watu mikononi mwa mtoto!"

Mume wangu ni kinyozi, tena kinyozi mwenye mdomo. Mteja akikaa kitini anasimuliwa mpaka anasahau alitaka anyolewe vipi. Lakini nikimtajia nywele habishi. Anainamisha kichwa, huyo bafuni. Nami nikadhani leo nimempata.

Chiriku, pacha wake Bondia aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili, hana tabu hizo. Viganja vyake vinafunguka na kufumba kutwa nzima, ukimsogelea anakudaka sikio.

Wote wawili ni njiti, walikuja kabla ya wakati wao. Walilazwa chumba cha joto na vimipira puani, na mimi nikakaa kando yao mpaka mlio wa zile mashine nikauzoea kuliko sauti ya mume wangu. Tulipotoka nao hai tulijiona tumemaliza kila kitu. Kwa hiyo Bondia alipoanza kukaza ngumi, kidole gumba ndani, na ukimsimamisha mapajani miguu inanyooka kama nguzo, sisi tulishangilia. Jina nilimpa mimi mwenyewe. "Njooni mwone, anasimama huyu! Bondia wetu!" Baba yake akabandika picha kwenye kioo cha kazini, ngumi mbili chini ya kidevu, na chini yake wino mwekundu: BINGWA AJAYE. Kila mteja akiinua kichwa, anakutana na mwanangu.

Halafu tukaenda kliniki ya njiti. Daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alisimama mbele yetu kina mama na mwanasesere wa plastiki mkononi.

"Mtoto akitimiza miezi mitatu," akasema, "na hapo mhesabu kuanzia siku aliyotakiwa kuzaliwa, siyo siku aliyowaharakisha," tukacheka, "mlazeni chali akiwa macho, ametulia. Msimguse, msimsemeshe. Anatakiwa achezecheze mwenyewe, vijimiondoko vidogo vidogo, viganja, vifundo vya miguu, shingo, kama mtu anayesikia muziki peke yake. Asipocheza hivyo, na ngumi hazifunguki, na miguu inakaza, hayo siyo maguvu, mama zangu. Huenda ubongo unaomba msaada. Ni dalili tu, sijasema ni hukumu. Lakini nikimpata mapema, wakati ubongo bado unajifunza haraka, nina la kumfanyia. Nirekodieni dakika tatu mnitumie. Walio vizuri tutaonana wakifikisha mwaka. Wasiocheza nitawaita mara moja tuanze mazoezi."

Unajua nilifanya nini? Nilivuta shuka nikafunika mikono ya Bondia, ili mama aliyekaa pembeni yangu asiione. Mwanangu, nilimbeba tumboni mimi, nikamfunika kama kitu cha wizi.

Siku ya kurekodi ilipofika nikamsukumia baba yao. "Wewe ndiye mwenye simu nzuri." Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga kwa nguvu zote ili nisisikie chochote kutoka chumbani.

Daktari alinipigia simu baada ya siku chache. "Mama Pacha, nimewatazama wote wawili. Wanacheza vizuri, vizuri sana. Tuonane wakifikisha mwaka."

Jamani! Nililia, nikacheka, nikampigia mama yangu nikashindwa kusema, akadhani kuna msiba. Chiriku nikamwachia wifi yangu, Bondia nikamtupia mgongoni, mbio mpaka kazini kwa mume wangu. Benchi limejaa, redio inaimba, kitini yuko fundi bomba amenyolewa nusu kichwa.

"Baba Pacha! Daktari amepiga! Ametazama video, wote wazima!"

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu.

"Hiyo video ndiyo tuione basi," akasema babu mmoja wa benchini, huja kila siku na hana nywele hata moja.

"Simu haina chaji," akasema mume wangu.

"Haina chaji na taa yake inawaka?" nikamtania, nikaichukua rafuni.

Video ya kwanza, Chiriku kwenye fulana ya njano. Ya pili, Bondia kwenye ile ya mistari niliyomshonea mwenyewe. Viganja vinafunguka, vinafumba. Vifundo vinazunguka. Shingo huku, shingo kule.

"Huyo Bondia ni hatari!" babu akashangilia.

Mimi nilikuwa nakitazama kiganja. Cheupe, kisafi, kimejifungua chenyewe. Kiganja cha Bondia ninakifungua kila siku kwa mikono yangu, na sijapata kukiona kimejifungua. Nikainua macho. Mume wangu alikuwa ananitazama kwenye kioo, pembeni ya BINGWA AJAYE, na mashine ya kunyolea inanguruma hewani bila kugusa kichwa cha mtu.

"Si ndiye huyu?" babu akauliza, akinigusa mtoto mgongoni.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye huyu."

Lilinitoka hivyo, laini kabisa. Kisha nikamshika mume wangu mkono, nikamvuta nyuma ya pazia, kule kwenye ndoo na mataulo.

"Umemvisha Chiriku fulana ya mwenzake."

Mwanamume wa maneno akaanza kukunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Nijibu!"

"Nilianza na Bondia," akanong'ona. "Nikamrekodi. Nikafuta, nikarekodi tena, na tena. Hachezi, Mama Pacha. Kalala na ngumi zake tu. Nikasema nitamtumiaje daktari hii? Nitakaa vipi pale na ile picha kiooni? Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mpaka afikishe mwaka, Baba Pacha! Ndiyo muda wa kufundishika huo, nilikusimulia daktari alivyosema. Unamnyima mwanao miezi yote hiyo kwa sababu ya picha!"

Akaniangalia, macho yamejaa. "Na wewe umewaambia nini watu hapo nje?"

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nikakumbuka na lile shuka la kliniki, ambalo yeye hata halijui.

Nikatwaa taulo safi, nikatoka. Nikazima redio.

"Samahanini," nikasema. "Nimewadanganya sasa hivi. Mtoto wa kwenye video siyo huyu. Naomba benchi, na naomba mninyamazie dakika tatu."

Wakainuka. Babu akasogeza viatu vyao kwa fimbo. Nikatandika taulo, nikamlaza Bondia chali. Mume wangu akasimama juu yake na simu, huku shuka la kunyolea analo begani.

Bondia alikuwa macho, ametulia, anatazama taa. Ngumi zake zilikuwa pale pale ubavuni, gumba ndani. Mara akaikaza miguu yote miwili pamoja, akailegeza yote miwili pamoja, akatulia tena. Nilitamani kumfunika. Nilijizuia kwa kujishika mikono. Watu wazima sita walikuwa wanamtazama mwanangu asicheze, na mimi sikujua pa kuweka uso. Fundi bomba, na ile nusu yake ya nywele, aliinamisha kichwa.

"Imetosha," mume wangu akasema, akaweka simu chini.

Kisha akapiga magoti. Akaichukua ngumi ya kulia ya Bondia, akapitisha kidole upande wa nje wa mkono, kuanzia kifundoni hadi kwenye kidole kidogo, polepole, akarudia, akarudia. Ngumi ikalegea kidogo. Akapenyeza gumba lake kiganjani bila kulazimisha hata kidogo. Mimi mwenyewe sijui kuifungua hivyo. Mimi huchokonoa.

"Umejifunzia wapi?" nikamwuliza.

"Kwake," akasema bila kuinua kichwa. "Nikirudi kazini huwa nakaa naye kabla hujatoka kwenye cherehani. Nilidhani nikiufungua mkono mara nyingi utazoea."

Zile nywele. Siku zote zile nilizomfokea akainamisha kichwa, alikuwa ametoka kumfungua mtoto ngumi. Alikuwa amejua kabla yangu. Mimi nilikuwa nasafisha kiganja na sijiulizi kwa nini kimefungwa.

Nikaituma ile video, halafu nikampigia daktari. Simu ikaita.

"Leta niongee mimi," mume wangu akasema, lakini hakuichukua. Gumba lake lilikuwa bado ndani ya ngumi ya Bondia, na ngumi ilikuwa imefumba tena. Hakutaka kulichomoa. Nikachuchumaa kando yao, nikamshikia simu sikioni.

"Daktari," akasema kinyozi wangu mwenye mdomo. "Hii tuliyokutumia sasa ndiyo ya Bondia."