Sweta Lenye Mkono Mmoja Mrefu

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalianza alfajiri na hayakuonyesha dalili ya kukoma. Binti alimshika mama yake mkono, wakakwepa madimbwi hadi kwenye maabara yalikotunzwa mabaki ya watu waliouawa kwa halaiki kule bondeni miaka mingi iliyopita.

Majibu ya vinasaba yalikwisha kutoka. Mfupa uliopimwa na mate aliyotoa mama vilikubaliana: kaka yake binti alikuwa miongoni mwao. Lakini mama aliweka ngumu. "Mashine haimjui mwanangu," alisema, na bila yeye kuridhia hakuna ambaye angethubutu kuzika. Miaka yote hiyo mlango wao haukufungwa komeo usiku, kijana asije akarudi akakuta watu wamelala. Njiani binti aliomba kimoyomoyo: Ee Mungu, leo mpe mama yangu kuamini.

Mtafiti, mwanamke wa makamo, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hayo matambara yako nirudi zangu nyumbani."

Nguo zilikuwa zimesafishwa taratibu, zikakaushwa na kutandazwa mezani juu ya karatasi nyeupe, za kila mtu peke yake. Mama alipita meza ya kwanza, akapita ya pili, akisonya. Penye sweta la kijivu akasimama. Aliishika mikono ya sweta yote miwili, akailinganisha. Mmoja ulizidi mwenzake kwa kiganja kizima.

Binti akasogea karibu.

"Huo tulidhani umevutika udongoni," mtafiti alisema.

"Umevutika wapi! Huo ni umbea wangu, mwanangu. Nilikuwa nafuma huku napiga soga na jirani, nikasahau kuacha. Nikataka kuufumua, yeye akanikatalia. Akasema, 'Uache, mama, huu ni wa kufutia kamasi.'"

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko, na binti naye akajikuta anacheka huku machozi yanamtiririka. Asante, Mungu. Alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ni yeye," mama alisema. "Kifungua mimba wangu."

Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akawatazama wote wawili.

"Nyinyi ni mashahidi." Kisha akaliinamia sweta na kupaza sauti. "Baba, nitakuzika na sweta lako. Na siku hiyo nikitoka makaburini, nitafunga mlango kwa komeo, nilale."