Mshale Ulikuwa Barabara Nyingine

Mshale kwenye skrini ya gari ulikuwa barabara moja, na gari lenyewe lilikuwa barabara nyingine. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na saa tatu kasorobo asubuhi hapakuwa na mtu aliyelijua: si mwanamke aliyeshika usukani, si mama yake aliyekaa pembeni, wala fundi aliyeifunga skrini hiyo kwa mikono yake wiki tatu nyuma.

Fundi mwenyewe alikuwa gereji, amelala chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, miguu nje, bisibisi mdomoni. Simu ikalia kifuani. Alikuwa mkewe.

"Baba Pacha, hili dude lako limeanza."

"Limeanza nini?"

"Mshale unarukaruka. Mara niko barabarani, mara niko katikati ya shamba la watu, mara nimegeuka narudi nyumbani. Sasa umetulia, lakini siuamini. Na huku kuna ukungu, sioni hata pua ya gari."

Fundi aliinuka haraka mno, akagonga paji la uso kwenye chuma cha usukani. Hakusikia maumivu. Neno lililomshika ni hilo moja, kurukaruka. Skrini hairukiruki bure.

Mkewe alikuwa anampeleka mama yake mjini, huko bondeni, kwa daktari wa macho. Daktari huyo huja siku moja tu kila baada ya miezi mitatu, na mama mkwe alikuwa amepangiwa saa nne kamili kuondolewa mtoto wa jicho. Alikuwa anamsubiri tangu msimu uliopita. Nyumbani alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta, na chai alimiminia mezani mara nyingi kuliko kikombeni.

Barabara ya kushuka huko ni mbili. Zinaachana juu kabisa, kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa. Mpya inakata kulia, inapita mgongoni mwa kilima. Ya zamani inakata kushoto, inafuata mto kilomita nne, halafu inaishia hewani, kwa sababu daraja lake lilichukuliwa na mafuriko miaka miwili iliyopita. Waliweka matofali makubwa ya zege kuifunga. Madereva wa malori ya mchanga wakayasukuma pembeni ili wapate kufika mtoni. Kila mtu anajua hivyo. Lakini kwenye ukungu hakuna anayeona kituo, wala matofali, wala njia panda. Kinachoonekana ni skrini tu, inayong'aa vizuri mbele yako, imejaa uhakika.

"Ulipita kituo cha mafuta?" fundi aliuliza.

"Nitakijuaje? Nimekwambia sioni. Mshale uliporuka nikafuata lami. Nimekaa kushoto kwangu, kama ulivyonifundisha."

Fundi akaanza kumuuliza maswali anayowauliza wateja wote. Simu imewashwa huduma ya mahali? Imewashwa. Ramani imesasishwa? Mtoto wako mmoja ndiye aliyeisasisha. Azime redio yenye hiyo skrini, awashe tena. Akaizima, akaiwasha, sauti ikapotea, ikarudi na ule muziki wa kukaribisha ambao fundi aliuchagua mwenyewe kwa kujionyesha. Mshale ulikuwa palepale.

"Waya je? Umekaa sawa kwenye simu?"

"Umekaa. Niuchomoe?"

"Hapana! Una chaji kiasi gani?"

"Asilimia tatu. Pacha wako wamelala na simu yangu jana, wanacheza gemu. Waya ndio unaniweka hai."

Alikuwa anauliza yote hayo akijua kwamba anakwepa. Kuna swali moja hakuliuliza, kwa sababu jibu lake analo yeye. Skrini za aina ile zina antena yao ndogo ya kushika satelaiti. Simu ikishachomekwa kwa waya, inaacha kujitafutia, inaiamini antena ya gari. Antena hiyo inatakiwa kukaa juu, chini ya plastiki ya dashibodi, ione mbingu. Kuiweka hapo lazima ufungue dashibodi nzima, kazi ya saa moja na nusu. Siku ile ilikuwa Jumamosi jioni, alikuwa amechoka, na gari ni la nyumbani, halina mteja wa kumlalamikia. Akaibandika kwa gundi nyuma ya redio, chini ya bamba la chuma. Akajaribu, ikashika. Akajisemea atairudia. Mafundi wana neno la kazi kama hiyo. Wanasema umelipua.

Kwa mkono mwingine aliifungua simu yake ya pili. Yeye na mkewe walikuwa wameunganishana, kila mmoja anaona mwenzake alipo. Ramani ikafunguka taratibu, na nukta ya buluu ikatokea. Ilikuwa kwenye barabara mpya, katikati kabisa ya mstari, inateremka.

Fundi alipumua kama mtu aliyetoka kuzama.

"Nakuona. Uko barabara mpya. Endelea polepole tu."

"Una uhakika?"

"Nakuona kwa macho yangu, mwanamke. Endelea."

Jirani yake wa gereji, mpiga rangi wanayemwita Kopo, alikuwa amesimama mlangoni na barakoa shingoni, anafuta mikono kwa tambara. "Fundi anafundisha mke kuendesha kwa simu," alisema. "Kesho atajifungulia chuo."

"Nenda kapake rangi huko," fundi alimjibu, na alikuwa amefurahi kiasi cha kucheka.

Kwenye simu mama mkwe akakohoa. Sauti yake ilitoka mbali kidogo. "Baba, hata shikamoo leo hakuna?"

"Samahani mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hao wajukuu wangu wamekwenda shule?"

"Wamekwenda mama."

"Haya. Sasa mimi macho yangu ni haya ya kumpelekea daktari, sisemi kitu. Lakini masikio bado ninayo. Huu mto ulio upande wangu ni mto gani?"

Kicheko kilimkatika fundi mdomoni.

"Mto, mama?"

"Unanguruma hapa, chini ya dirisha langu. Mlisema barabara hii haina mto mpaka tufike mjini."

Barabara mpya haina mto. Fundi aliitazama nukta. Ilikuwa inateremka vizuri, mwendo mmoja, bila kusita kwenye kona, bila kupunguza kwenye mteremko. Hakuna mtu anayeendesha hivyo kwenye ukungu. Hakuna mtu anayeendesha hivyo hata jua likiwa kali.

"Mama Pacha," alisema polepole, "unakwenda mwendo gani hapo?"

"Siendi. Nimesimama. Nimesimama tangu mlipoanza kusalimiana, kuna jiwe katikati ya njia, natafuta pa kupita."

Nukta ikapinda kona nyingine. Ikaendelea kuteremka.

Mkewe amesimama, na kile kitu cha buluu kinatembea bila yeye. Antena haikuwa inaona chochote. Ilikuwa imepotea kitambo, na redio ilikuwa inajibunia tu: gari lilikuwa hapa, lilikuwa linakwenda hivi, basi sasa litakuwa pale. Na yeye, fundi, mume mtu, ameutazama uongo huo akamwambia mkewe endelea.

"Usisogee," alisema. "Usisogee hata kidogo. Vuta handibreki."

"Kuna nini?"

"Vuta kwanza!"

Aliisikia handibreki ikilia. Kopo aliacha kufuta mikono.

"Nisikilize. Uko barabara ya zamani."

Mto ulikuwa unasikika sasa hata kwenye simu, au labda alikuwa anausikia kwa sababu ameshajua.

"Umesema unaniona," mkewe alisema.

"Nilikosea. Antena ya hiyo redio sikuifunga vizuri. Niliilipua. Niliibandika chini ya chuma, haioni juu. Hata ninayoiona huku inatoka kwenye antena hiyohiyo."

"Uliilipua kwenye gari langu."

"Nitukane baadaye. Chomoa waya. Ukichomoa, simu itajitafutia yenyewe, nitajua uko wapi hasa."

"Asilimia tatu, Baba Pacha."

"Najua. Chomoa."

Mlio mdogo ukasikika. Fundi aliikodolea macho ramani. Nukta ilisimama, ikazungukwa na duara pana la kutojua, duara likaanza kujikunja. Akaiweka simu juu ya boneti. Halafu nukta ikaruka. Iliruka kilima kizima kwa mkupuo mmoja, ikatua kando ya mstari wa mto, kwenye ile barabara ya kijivu ambayo mwisho wake ramani yenyewe imeikata. Kutoka kwenye nukta mpaka palipokatwa hapakutosha upana wa ukucha wake.

Kopo alikuwa ameinama pembeni yake. "Mungu wangu," alisema. "Si pale pale darajani?"

"Mama Pacha, mbele yako hakuna daraja. Jiwe hilo usilipite. Washa taa zote zinazowaka, mshushe mama upande wa kilima, na wewe ushuke..."

"Mama hawezi kukimbia, ataona wapi pa kukanyaga?"

"Mshike mkono!"

Kwa nyuma, mbali, honi ililia. Honi nene, ya kitu kikubwa. Lori la mchanga, linateremka mtoni, dereva wake anajua barabara hiyo ni yao peke yao na hategemei kukuta gari dogo limesimama katikati.

"Kuna gari nyuma yetu," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo kama ya mmoja wa pacha. "Linakuja. Baba Pacha, linakuja, niende wapi?"

Mbele kuna shimo la mto. Nyuma kuna lori. Kushoto kuna mto. Fundi alifungua mdomo.

Simu ikakatika.

Akapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena. Nukta ilikuwa palepale, imegeuka kijivu, na chini yake maandishi kwamba ilionekana dakika moja iliyopita. Akatazama mpaka yakasema dakika mbili.

Kopo alikwenda kuleta pikipiki yake, akaiwasha, akamwambia panda.

Dakika thelathini na tano. Fundi hakuzihesabu wakati ule, alikuja kuzijua baadaye kwa kupiga hesabu. Alikuwa amemkumbatia Kopo kwa nyuma kama mtoto, uso kwenye koti linalonuka tina ya rangi, na kichwani alikuwa na sentensi moja tu, neno endelea kwa sauti yake mwenyewe, jinsi alivyolisema kwa majivuno. Aliwaza pacha wakitoka shule. Aliwaza nani atawaambia, na atawaambia kwamba baba yenu alikuwa wapi. Kwenye kituo cha mafuta ukungu uliwameza. Kopo alipunguza mwendo, fundi akampiga bega aongeze, Kopo akapiga kelele, "Unataka na sisi tufe?" na hakuongeza.

Lori ndilo waliloliona kwanza. Lilikuwa limesimama mshazari, mlango wazi, matairi yamechora mistari miwili mirefu kwenye lami. Fundi aliruka kabla pikipiki haijasimama. Alilizunguka lori akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Gari dogo lilikuwa kulia, limeingia mtaroni, pua imejikita kwenye udongo wa kilima. Mkewe alikuwa amegeuza usukani kwenda upande pekee uliobaki. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi zenye umande, ameuweka mguu wa mama yake mapajani, amefunga kifundo kwa mtandio wake. Dereva wa lori alikuwa amechuchumaa pembeni yao, anavuta sigara ambayo haijawashwa.

Fundi alikaa palepale kwenye lami.

"Huyo ni nani?" mama mkwe aliuliza, akikaza macho yake yenye ukungu ndani ya ukungu.

"Ni mimi mama."

"Umekuja. Mguu umeteguka au umevunjika, sijui, unauma. Mto nilikwambia."

"Uliniambia mama."

Mkewe hakumtazama. "Nilikuuliza kama una uhakika," alisema.

Fundi aliinuka, akatembea kutoka pua ya gari kwenda mbele, kwa sababu alikuwa hana budi kujua. Alihesabu hatua. Alipofika thelathini na moja lami ikaisha, na chini yake maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanapita kwa kasi, yamebeba matawi.

Mguu ulikuwa umevunjika, mfupa mmoja, pale kwenye kifundo. Mama mkwe alikaa na plasta wiki sita. Daktari wa macho aliondoka mjini jioni ileile, na miezi mitatu mingine ikaanza kuhesabiwa upya. Mwezi na nusu wa kwanza mama mkwe alipapasa ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika gongo. Gari lilipoteza taa moja, bampa, na kioo cha pembeni ambacho lori lilikibeba. Mkewe alinyamaza siku nne. Siku ya tano aliuliza chumvi iko wapi.

Fundi alifungua daftari lake la kazi, akatafuta magari yote ya wateja ambayo nayo, siku alizochoka, aliyabandikia antena chini ya chuma. Yalikuwa kumi na manne. Alimpigia kila mwenye gari, akasema aliilipua kazi, alilete. Wawili walimtukana. Mmoja alikuja na kaka yake. Alizifungua dashibodi zote, moja baada ya nyingine, bila malipo, saa moja na nusu kila moja. Jumla, saa ishirini na moja.

La kumi na tano, la mkewe, liko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Hilo hajaruhusiwa kuligusa.