Barakoa Mbili za Gauni la Pasaka

Akina mama mnaowashonea watoto wenu barakoa, nisikilizeni.

Mwanangu Lavelle alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa mjini. Aprili ile ya korona gavana wa jimbo letu akaamuru watu wafunike nyuso. Nikaogopa. Mwanamume mweusi, mrefu kama mlango, akijifunga kitambaa cheusi, nani atajua anatoka kuogesha vikongwe? Basi nikakata gauni langu la Pasaka, lile la maua ya manjano.

"Mama, nitafanana na meza ya chai!"

"Heri meza ya chai kuliko jambazi. Vaa."

Kipande kilichobaki nikamshonea Roosevelt, mwenzake wa kazi. Hapo ndipo nilipokosea.

Walipotoka zamu wakasimama kituoni kungoja basi. Gari la polisi likawafikia.

"Mnangoja nini hapa, warembo?"

"Basi, afande."

"Mbona mmeficha sura?"

"Si gavana ndiye kasema!"

"Gavana hayupo hapa. Mimi nipo."

Akawaandikia kosa la kuzurura wakiwa wamefunika nyuso. Sheria ya mwaka 1845! Ilitungwa kuwakomoa wapangaji wa mashamba waliojificha sura wakiwafukuza wadai kodi. Na inataka watu waliofunika nyuso wawe zaidi ya mmoja. Lavelle peke yake hana kosa. Barakoa yangu ya pili ndiyo iliyolitimiza.

Bosi wa Lavelle akamwambia, "Lete karatasi kwamba kesi imekwisha, ndipo urudi kazini."

Mwisho wa Mei sheria ikafutwa. Ibada ilikuwa kwa simu; mchungaji alipotutangazia, tukapiga makofi kila mtu jikoni kwake. Kesho yake nikapiga mahakamani.

"Imefutwa kweli, mama," karani akasema, "lakini kesi ya mwanao ni ya kabla. Na mahakama imefungwa kwa korona. Asubiri."

"Asubiri kosa ambalo halipo tena?"

"Mama, mimi napokea simu tu."

Agosti hakimu aliifuta kesi ya Lavelle kwa dakika mbili, naye kavaa barakoa! Lavelle alipopeleka karatasi, nafasi yake alishapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo msipige makofi mkakaa. Kama mwanao aliandikiwa, piga simu leo, uliza jalada lake, wasomee jina herufi kwa herufi. Roosevelt hana mama wa kumpigia. Lake bado liko wazi. Kesho saa tatu nitakuwa mlangoni mwa mahakama.