Mbao za Kabati la Mukabaranga

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, ndipo mambo yote yalipoharibika. Mukabaranga, mke wa Sebagabo, alifia ukingoni mwa mto, kwenye tipoyi, mabegani mwa majirani waliokuwa wakimpeleka hospitali ya Kirotshe. Daraja lilikuwa limebaki vyuma viwili. Mbao ziko njiani, walisema wakubwa.

Mwaka ulipopita, binti yake Natacha alirudi nyumbani na mimba ya miezi minane. Sebagabo akaamua kumjengea kabati la ukutani, la vitenge vya mama yake. Hakutaka fundi; angelijenga mwenyewe.

Sokoni alizikagua mbao kama mtu anayenunua ng'ombe, akizipapasa mbavu. Mkaratusi aliukataa: unajipinda kama mkubwa aliyeulizwa swali. Triplex, mbao ya kubandikwa tabaka, nayo huvimba kwa unyevu. Akagonga libuyu, mbao ngumu ya msituni, kwa kidole. Ndani yake maji yalipita.

"Hii iko na mto ndani," akasema.

"Libuyu ya Walikale, Papa Natacha," alijibu Kanyamibwa, muuza mbao. "Mududu haigusake. Upake verni ing'ae, mto utanyamaza."

"Na haya matundu ya boloti?"

"Matundu nakupatia bure."

Alibeba nane. Akapima, akakata, akapigilia, akatundika vitenge. Alipofungua mlango, nyuma ya vitenge hapakuwa na ukuta. Mbao zilinyooka juu ya mto hadi ng'ambo, kwenye barabara ya Kirotshe. Sebagabo alijaribu bawaba. Hazikulia. Akaridhika.

Uchungu ulipomshika Natacha, alisimama mbele ya kabati.

"Papa, nivue viatu?"

"Vaa tu. Ni libuyu."

Akapita katikati ya vitenge. Kile cha harusi ya mama yake kikashuka, kikamfunga kiunoni. Saa sita mchana mtoto alikuwa akilia Kirotshe, msichana, akapewa jina la nyanya yake.

Wiki hiyo kilima kizima kilivuka: wagonjwa, wauza maziwa na bidoo zao, kwaya ya kanisa ikiimba. Sebagabo alishika mlango, kifua mbele.

"Pita, mama. Hapa barieri ya kulipisha hakuna."

Nje, daraja lilibaki vyuma viwili.

Siku ya nane alikuja Chef mwenyewe, mkubwa wa kilima, jino likimuuma. Katikati ya mto aliona matundu ya boloti, akaanza kutembea haraka. Sebagabo alimshikia mlango kama anavyomshikia kila mtu, akamuuliza anachomuuliza mpaka leo:

"Vuka tu, Chef. Lakini mbao za daraja, nani alizifikisha sokoni?"