Njia ya Kindi

Mbwa ndiye aliyeelewa kwanza. Asubuhi ya kwanza baada ya miti kuangushwa, Bosko alitoka chini ya ghala la mahindi, akajinyoosha, akatembea taratibu hadi mahali ambapo siku zote palikuwa na kivuli na sasa palikuwa na jua tupu, akakaa. Hakubweka. Aliinua pua, akaitazama ncha ya tawi la mgunga uliobaki karibu na nyumba, kama mtu aliyewahi dukani anayengoja mlango ufunguliwe.

Baba naye alikuwa akitazama palepale kutoka kwenye kiti chake barazani. Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha uji mkononi. Kabla sijampa, kindi wa kwanza alitokeza kichwa.

Baba yangu, Kilonzo, alikuwa mrina asali. Upande wetu wa Ekalakala, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea Masinga, hakuna aliyekuwa hamjui. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, imetobolewa kwa mkono na kutiwa alama ya ukoo wetu kwa chuma cha moto, nayo ilining'inia katika safu ya migunga iliyotoka korongoni ikapanda shambani mpaka ukingoni mwa paa letu. Miti hiyo aliirithi kwa baba yake. Asali yake ilikuwa nyeusi, na ulimi wake ulikuwa mkali. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu. Nakumbuka siku niliporudi nyumbani kutoka kwenye ndoa yangu, na sanduku langu kichwani. Aliniangalia kuanzia miguuni, akauliza, "Wamekurudisha, au umejirudisha?" Nilipomwambia nimerudi mwenyewe, akasema, "Afadhali wangekurudisha. Tungejua una kosa gani."

Kisha tawi likavunjika naye akiwa juu yake. Daktari alisema nyonga haitaunga tena. Baba aliletwa nyumbani akakalishwa barazani, na mizinga ikakaa misimu miwili bila mtu.

Hakuna aliyenifundisha kupanda. Kwetu mwanamke hapandi mti wa mizinga, kwa hiyo sikuwa hata na wa kumuuliza. Nilikaa chini ya kila mgunga nikayachunguza magome. Palipokuwa pakipita miguu ya Baba kwa miaka yote hiyo palikuwa pameng'aa kidogo, kama kizingiti cha mlango wa zamani. Nilizifuata alama hizo kwa macho kwanza, siku nyingi, mpaka nilipoweza kuzifuata nikiwa nimefumba macho kitandani. Ndipo nikavaa suruali ya shule ya kaka yangu Kimanzi, nikajifunga kamba ya katani kiunoni, nikapanda. Niliposhuka na sega la kwanza, Baba alionja, akalamba kidole.

"Moshi umezidi," akasema. Basi.

Mizinga ambayo nyuki walikuwa wameihama ilikuwa imeingiliwa na kindi. Wa kwetu ni wadogo, rangi ya majani makavu, mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Nilifungua mfuniko mmoja nikakuta jike mwenye sikio lililochanika amewalalia watoto wake juu ya nyasi. Hakukimbia. Alinitazama huku mbavu zikimwenda mbio. Nilimwita Baba kutoka juu, nikamwuliza nifanye nini.

"Shika mkia, piga kichwa kwenye shina," akajibu bila kuinua sauti. "Mama kwanza. Ukishindwa, shuka, uvae rinda lako."

Nilifikiri kidogo. Nyuki hawangeingia humo kama kindi wangebaki; katika hilo Baba alikuwa na haki. Lakini nyuma ya ghala palikuwa na mzinga wa zamani uliopasuka ubavuni, unaoingiza mwanga, ambao nyuki hata wangepewa bure wasingeutaka. Nikautundika kwenye mgunga wa karibu na nyumba, upande usioonekana barazani, na jioni hiyo nikahamishia humo kiota kizima. Mama alifuata watoto wake. Mzinga niliousafisha ulipata nyuki kabla ya mvua kuisha, na mingine baada ya huo. Baba hakuuliza kindi walikwenda wapi, nami sikusema.

Lakini kindi wakishakaa mahali, hujiwekea njia. Kila asubuhi walitoka kwenye mzinga ule mbovu, wakakimbia juu ya tawi, wakajirusha hadi mgunga wa pili, wa tatu, hivyo hivyo mpaka korongoni, ambako palikuwa na matunda ya mwituni na tope lenye maji hata wakati wa kiangazi. Jioni walirudi kwa njia hiyo hiyo. Wakati mwingine mmoja alizidisha akatua kwenye bati letu kwa kishindo, akateleza, akajikusanya, akatuangalia kama sisi ndio tuliomsukuma.

Baba akaanza kuwangoja. Sijui ni lini. Nilitambua tu kwamba akichelewa kuamshwa ananung'unika, na kwamba akishatolewa nje hataki nisimame mbele yake. "Wamechelewa leo," angesema. Au, "Yule wa sikio bovu amenenepa." Ni katika asubuhi hizo tu ambapo alizungumza nami bila kunichoma. Aliniambia kwamba ujanani alifanya kazi ya kupasua mbao katika msitu wa Kakamega, na huko aliona kindi wa ajabu. Giza likianza kuingia walitoka kwenye mashimo ya miti, wakapanda juu kabisa, wakajiachia. Walikuwa na ngozi kati ya mkono na mguu, kama mtu aliyeshika ncha za blanketi.

"Hawapigi mabawa," alisema. "Wanateleza tu hewani. Unaweza kuangusha mti wa katikati, na bado wanafika upande wa pili. Hawa wetu wanajifanya tu."

Alisema "wanajifanya" kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Niliigeuza geuza kichwani siku nzima nikipepeta pojo, mpaka nikakubali kwamba ilikuwa upendo.

Kiangazi kilipokolea, Baba alimwita mdogo wake, Maundu, na Kimanzi kutoka Syokimau. Alitaka kusema miti ni ya nani kabla hajafa. Mimi nilijua ninachokitaka, na nadhani hata mbuzi walijua. Nilikuwa nimeifufua mizinga ile mmoja mmoja. Sikuwa na nyumba yangu wala mtoto, wala shamba kwa jina langu. Nilikuwa na njia ya kupanda.

Kimanzi alikuja na viatu vyeupe na mkate wa dukani. Nilipika chai. Baba mdogo Maundu, ambaye hujichekea kabla hajaanza utani, akasema, "Kilonzo, huyu msichana wako akiwa juu ya mti, mbuzi wangu hawali. Wanatazama suruali." Tukacheka wote. Hata mimi.

Baba hakucheka. "Wavinya," akaniita. "Ule mzinga uliopasuka umeutundika wa nini?"

Nikaweka birika chini. "Wa kindi, Baba."

"Nilikuambia uwafanye nini?"

"Uliniambia niwaue."

"Mmesikia." Akamgeukia Maundu. "Nilimtuma kazi ya mrina asali, akaenda kujenga nyumba ya wapangaji. Leo kindi, kesho tumbili. Mtu wa moyo kama huo hapewi miti."

"Ulijua siku zote," nikasema. Sauti yangu haina nguvu, na siku hiyo ilitoka kama ya mtu anayeuliza njia.

"Nimevunjika nyonga, sikupofuka."

"Na kila asubuhi unawangoja."

Maundu aliacha kutafuna. Baba alinitazama, na nilifikiri, nakiri nilifikiri, kwamba sasa atasema jambo jingine. "Kwako ulishindwa kukaa," akasema. "Juu ya mti nani atakuamini? Miti ni ya Kimanzi."

Kimanzi alishukuru, akaahidi kuwa atakuja kila wiki. Hapo ndipo nilipouona uso wa Baba, na nikaelewa kwamba miti ile ilikuwa kamba aliyokuwa akimtupia mwanawe ili amvute nyumbani. Mzee anayengoja mwanawe wa kiume si kitu kigeni. Nilijaribu kumlaumu kwa hilo nikaona sina nguvu za kutosha.

Kimanzi alikuja kweli, mara moja. Alikuja na Ngui, mtu wa msumeno wa mashine.

"Trekta haiwezi kugeuka katikati ya hizi miti," alinieleza, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Nitapanda ndengu hapa mpaka kule chini. Wewe ndiye utasimamia, dada. Si ni kazi?"

"Na mizinga?"

"Nyuki ni wadudu, Wavinya. Watahama."

"Nipe mpaka jua lizame. Wakisharudi ndani naiziba midomo, naishusha kwa kamba. Sitakuchelewesha."

"Ngui ana kazi nyingine Masinga mchana."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amekamata mikono ya kiti. Angetamka neno moja tu, na Kimanzi angengoja. Hakuwa kijana wa kumpinga baba yake usoni. Baba aliiachia mikono ya kiti.

"Ni yake," akasema. Kisha, alipokwisha kusikia msumeno ukinguruma, akaongeza, "Huo wa kivuli changu uacheni."

Tulimwingiza ndani kwa sababu ya nyuki. Nilisimama dirishani. Mti ukianguka, mzinga hautangulii. Unabaki hewani kidogo, kama umesahauliwa, halafu unafuata. Magogo yale yalipasuka kama mitungi. Nyuki walifunika jua, Ngui akakimbilia chini ya lori akitukana, kisha akarudi akiwa amejifunga koti kichwani, akaendelea. Jioni nilikwenda kuokota. Masega yalikuwa mchangani, na ndani yake watoto wa nyuki weupe, wanene, wakichukuliwa na siafu. Kwenye kipande kimoja cha gogo alama ya ukoo wetu ilikuwa imepasuka katikati. Nilikileta ndani nikakiweka karibu na meko. Baba alikiangalia, akaniambia kuni hizo zina moshi.

Sasa narudi kwenye asubuhi ile, Bosko amekaa juani, na mimi nimeshika uji.

Aliyetokeza alikuwa yule jike mwenye sikio lililochanika. Alikimbia juu ya tawi kwa mwendo wake wa kila siku, bila kutazama mbele, kwa maana njia ilikuwa ndani ya miguu yake. Alipofika nchani alijirusha. Akatandaza mikono na miguu, mkia umenyooka nyuma, na kwa kitambo kile kifupi, juu ya mahali palipokuwa na mgunga wa pili, alikuwa akiruka kweli. Kisha akaanguka. Bosko hakuhitaji hata kukimbia. Aliinuka tu, akainamisha kichwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya ganda la kunde likivunjwa.

Baba hakutikisika. Uji ulikuwa umenimwagikia kidoleni.

"Wale wa Kakamega wangefika," akasema.

Nilimfunga Bosko kwa mnyororo. Haikusaidia. Kindi wengine walikaa kwenye ncha ya tawi mchana kutwa wakipiga kelele zao za kukwaruza, na waliothubutu kushuka wakimbie ardhini walikutana na mbwa wa majirani, na baadaye na mwewe aliyejifunza kukaa juu ya kisiki. Baba aliona yote. Hakuomba kugeuzwa, wala hakuacha kutaka kutolewa nje mapema.

Siku chache baadaye, jua lilipokuwa likishuka, nilivaa suruali ya Kimanzi na kuchukua kamba. Baba aliniona nikipita.

"Huo mti si wako," akasema.

"Najua, Baba."

Nikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akisema jambo na miguu yangu ikaendelea. Waliobaki walikuwa wamekwisha kuingia kulala. Niliuziba mdomo wa mzinga kwa kitambaa, nikaziba na ule ufa, nikaukata kutoka kwenye tawi, nikaushusha polepole, nikajitwika. Ndani walikwaruza, kisha wakanyamaza. Nilipita nao mbele ya baraza, hatua zangu za kawaida, nikakatiza shamba tupu kati ya visiki mpaka korongoni, nikautundika kwenye mgunga ulio ng'ambo ya mpaka wetu, ambao si wa Kimanzi wala si wa mtu. Nilipogeuka nyuma, kiti chake kilionekana kutoka kule chini, kidogo, na yeye ndani yake, uso umeelekea kwangu.

Trekta haikuja. Mvua pia haikuja. Ile kila wiki ya Kimanzi ikawa simu, na simu ikawa salamu anazopewa Maundu. Kule shambani vilibaki visiki vinavyotoa utomvu, na Baba barazani, akilitazama tawi linaloishia hewani. Aliishi hivyo mwaka mzima na kidogo.

Kila asubuhi nilimtoa nje, nikamfunika magoti, nikamletea uji. Alikunywa kidogo, akarudisha kikombe.

"Wamepita?"

Alikuwa ameniona nikiwabeba. Alijua kwamba ninajua kuwa aliniona.

"Bado, Baba," nikamjibu, nikamfuta uji kidevuni.