Maganda Mlangoni

Paka wangu Tilda alitoka Jumanne jioni kupitia kilango cha mbwa, na theluji ya kwanza ya maana ikaanza kufukia nyayo zake kabla sijapata hata viatu vyangu.

Nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo. Nilisikia pazia la plastiki la kilango likipiga mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa Gus, mbwa wetu mzee, anakwenda uani kujisaidia. Mara ya pili haikuwa ya mtu niliyempa ruhusa. Nilipogeuka nilimkuta Nell, paka wangu mwingine, peke yake juu ya mkeka, ameirefusha shingo kuelekea mlangoni, kama abiria aliyeachwa na basi.

Paka hawa wawili ni wangu, na hawajawahi kuishi nje. Tilda akiona ndege dirishani meno yanamtetemeka kwa hamu, lakini gari halijui, wala mbweha hamjui, na mbweha wa Minnesota mwezi wa Desemba wana njaa. Mbwa alikuwa wa Orval, mume wangu. Kilango alikikata Orval mwenyewe kwenye mlango wa jikoni, Gus alipokuwa bado anajikwaa kwenye masikio yake. Miaka yote hiyo paka hawakukisogelea. Niliamini ni kwa sababu nimewalea vizuri.

Orval alifariki Oktoba, majani yakiwa bado mitini. Baada ya mazishi nilisugua jikoni nzima, sakafu, kuta na mlango, kwa sababu mikono yangu ilikataa kutulia. Haukupita muda, paka wakaanza kunusanusa kilango. Niliweka kiti mbele yake. Gus akashindwa kupita, akakojoa ndani, akaona aibu hata chakula akakataa. Nilinunua kile cha sumaku, kinachofunguka kwa kola ya mbwa tu. Tilda akajibana nyuma ya mkia wa Gus, wakapita wote kama bwana na bibi harusi. Siku ile nilimdaka barazani, kifaa nikakirudisha dukani. Jumanne sikuwahi kumdaka.

Nilimwita hadi sauti ikakauka. Niliacha kopo la samaki limefunguliwa kwenye ngazi. Kulipokucha samaki walikuwa wameganda, hawajaguswa.

Mchana nikasikia teke mlangoni.

"Hodi, shemeji! Fungua, mikono imejaa. Au nipite kwa kilango cha mbwa?"

"Kwa tumbo hilo? Utakwama, itabidi nikulishe hapo hapo mpaka Pasaka."

Alikuwa Wendell, mdogo wake Orval, anayekaa mtaa wa pili. Alitua katoni kubwa mezani, akapuliza vidole vyake.

"Machungwa ya watoto wa bendi ya shule," alisema.

"Sikuagiza machungwa mwaka huu."

"Najua. Soma jina."

Lilikuwa jina la Orval. Watoto wa bendi hupita nyumba kwa nyumba mwanzo wa vuli kuichangishia bendi pesa, wakiandika nani anataka nini, na matunda huja Desemba.

"Aliagiza katoni nzima," Wendell alisema. "Kama mtu mwenye mipango." Kisha akaivua kofia yake, akakaa anaikunjakunja.

Nilimwambia habari za Tilda. Alikitazama kilango, akatazama chini ya kiti cha Orval kilichokuwa kando yake, akakunja uso.

"Maganda yako wapi?"

"Maganda gani?"

"Ya machungwa, Ardis. Ya Orval."

"Yale takataka? Nimeyafagia kila asubuhi tangu tuhamie hapa! Mtu mzima anakaa kwenye kiti kila jioni, anakula chungwa lake, maganda anayamwaga mlangoni kama yuko zizini. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

"Hakuwa anayamwaga." Wendell alishusha sauti, kama vile kaka yake yuko chumba cha pili. "Ukienda kuoga, alikuwa anayasugua kwenye fremu ya kilango, pande zote. Paka hawaipendi harufu ya chungwa. Wakiinusa tu wanageuza. Hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yako, shemeji."

Nilivuta kiti changu nikaketi.

"Mbona hakuniambia?"

"Na mimi aliniapisha. Alisema, Ardis akijua, atadhani nawapenda wale wapangaji wake."

Ndivyo alivyowaita, wapangaji. Akiwapita sebuleni aliwauliza watahama lini. Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia, nikafunika uso kwa taulo ya vyombo.

Wendell hajui la kufanya na mwanamke anayelia. Alichukua chungwa kwenye katoni, akalizamishia kucha. Harufu ikaruka, ikavuka meza, ikanifikia. Kwa nukta moja jikoni tulikuwa watu watatu.

"Usimenye!" Nilimshika mkono.

"Nini tena?"

"Tilda yuko nje. Akija akaikuta harufu hiyo hapa, hatavuka. Tutakuwa tumemfungia sisi wenyewe."

Alilitazama chungwa, akanitazama mimi. "Haya. Huyu namtoa nje kama mtoto mtukutu." Alilipeleka garini kwake, na katoni nayo akaihamishia kwenye banda la gari. Nilifungua dirisha ili hewa ipite. Nilitamani kulifunga hapo hapo, nibaki na kile kidogo kilichokuwa bado kinaelea juu ya meza. Nililiacha wazi mpaka nikawa nanusa baridi tupu.

Chungwa moja nililibakiza, zima, mkononi mwangu.

Wendell alizunguka uani, akarudi na theluji magotini. Nyayo ndogo mpya zilielekea banda la kuni la jirani, na chini ya magogo aliona macho mawili.

"Nimemwita kwa adabu zote. Ananitazama kama mkaguzi wa kodi."

"Umemwitaje?"

"Nimemwita mpangaji."

"Ndiyo maana."

Tulimfungia Nell chumbani. Tuliliinua pazia la kilango na kulifunga kwa kamba, ili mwanga wa jikoni uonekane hadi uani. Baridi iliingia kwa chini na kukaa miguuni petu. Desemba jua halina subira. Saa kumi na moja jioni kulikuwa kumeshakuwa giza. Tulikaa na makoti yetu. Nilikuwa nimelishika lile chungwa hata ganda likapata joto la kiganja changu. Ningeweza kulichoma kwa ukucha tu, kidogo, na Orval angekuwepo tena. Nilizikunja kucha zangu ndani.

Niliinamisha kichwa nikasali kwa sauti, "Bwana, mrudishe."

Sikutaja nani. Wendell hakuuliza. Alisema amina tu.

Gus aliamka kwenye mkeka wake, akajinyoosha, akatoka. Tulisikia theluji ikilia chini ya makucha yake, kisha hatukusikia kitu. Alikawia kuliko kawaida yake. Wendell alitaka kuinuka, nikamzuia kwa jicho.

Gus alirudi na masikio meupe. Alipita kilango polepole, kwa sababu ya nyonga zake, na nyuma yake, pua ikiwa karibu kugusa mkia wake, aliingia Tilda.

Nilivuta kamba. Pazia likaanguka. Tilda hakutusalimu, alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli.

"Asante, Bwana," nilisema, nikainuka, nikakaa kwenye kiti cha Orval. Sikuwa nimekikalia tangu Oktoba. Nililimenya lile chungwa. Nilipiga magoti, nikasugua fremu ya kilango pande zote, taratibu, mpaka vidole vikanata. Tilda alikuja kuona, akanusa, akakunja pua, akaondoka amekasirika.

"Umeona?" Wendell alisema huku akivaa kofia. "Kufuli." Akaaga haraka, akiangalia pembeni.

Nilirudi kitini. Gus alikuja akaweka kidevu chake kwenye goti langu, akafumbua mdomo na kusubiri. Kumbe Orval alikuwa akimgawia na yeye. Machungwa siyapendi, lakini nilikula kipande, nikampa kipande, mpaka likaisha.

Asubuhi niliyakuta maganda chini ya kiti. Nilichukua ufagio, nikausimamisha tena ukutani, nikaenda kuchemsha kahawa.