Kiko cha Majani ya Chai

Daktari alimkataza mume wangu tumbaku, lakini mzee huyu haambiliki. Mimi ndiye ninayemchanganyia ya kiko: konzi mbili za kali, moja ya laini. Basi nikaanza kuichakachua kwa majani ya chai, huku nikisubiri matusi. Mtu huyu alikuwa akinusa kopo tu, anajua kama nimechanganya kwa mikono yenye kitunguu!

Hakusema neno. Jana, kwa hasira, nikamwekea chai tupu.

Akavuta, akafumba macho. "Mama watoto, leo umepatia."

Jikoni maziwa yalikuwa yanaungua, nyumba nzima inanuka.

"Husikii harufu?" nikamuuliza.

Akavuta tena, akatabasamu. "Naisikia, mke wangu. Tamu kweli."